Ushahidi Nilioutoa kwa Mtani Wangu

Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alikuwa na bakora mbili: moja ya wanaosahau sura, na moja yangu mimi. Sijisifu. Nataka tu ieleweke kwamba hapa Bagamoyo, mwaka ule mizinga iliponyamaza na wakubwa wapya wakakaa bomani, hapakuwa na mtu aliyetegemea neno la maana kutoka kinywani mwangu. Mmoja tu alilitegemea, na habari ninayoandika ni yake.

Alikuwa Mnyamwezi. Alishuka pwani na pembe ya ndovu begani kabla sijaota meno, mguu ukamvimba, wenzake wakarudi bara wakamwacha. Baba akampa banda nyuma ya nyumba yetu. Alipopona akajifunza kuchoma chokaa, na karibu kila ukuta mweupe wa mtaa wetu chokaa yake imetoka kwenye tanuri lake. Akaoa mwanamke wa Mkange, wakapata binti. Mama yangu ni Mzaramo wa Mapinga, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, kwa hiyo mimi na huyu bwana tulikuwa na ruhusa ya kutukanana tangu nilipojua kusema.

Asubuhi nikipita na ubao wangu kwenda chuoni, ananiita mla papa. Mimi namwita mla panya. Ananiambia kichwa changu kingefaa kutiwa tanurini, kwa kuwa ni jiwe tupu. Siku bibi yangu alipozikwa, watu wote wanalia, yeye alirukia ndani ya kaburi akakataa kutoka mpaka apewe kuku, akidai marehemu alimwahidi kuolewa naye. Baba alicheka huku machozi yanamtiririka. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, na mtu baki hawezi kuifanya akatoka salama.

Halafu ikaja amri. Mtu yeyote wa bara aliyeko mjini bila mashahidi wawili wa hapa wa kueleza amekaa muda gani na anafanya kazi gani, atavushwa Mto Kingani arudi kwao.

Barazani kwetu walilijadili jambo hilo siku tatu. Muuza nguo jirani yetu alisema watu wa bara ndio walioleta ndui. Mwalimu wetu akasema mji umejaa watu wasiojua hata kutawadha. Mzee mmoja, fundi wa milango, akauliza mizigo itabebwa na nani. Akajibiwa kwamba watapatikana wengine. Akauliza hao wengine watatoka wapi, baharini? Mimi nikatia langu: kama ni kufukuza wageni, tuanze na babu yangu mzaa baba, aliyefika kutoka Maskati na kikanda cha tende, na hakuna aliyemwomba shahidi hata wa kusingizia. Nikapata kofi. Hoja yangu haikupata jibu, ila kofi nililipata.

Mtani wangu hakuwa na wasiwasi. Fundi wa milango alikubali kuwa shahidi wa kwanza, na wa pili angekuwa baba. Lakini baba alikuwa Pangani kwa biashara zake, na siku ikafika hajarudi. Ndipo mama akaniangalia, mtoto wa miaka kumi na mitano, vinyweleo vinne juu ya mdomo, akaona kwamba mwanamume wa nyumba ndiye huyu.

"Sema ukweli, mwanangu," akaniambia, "na useme kwa ufupi."

Uwanjani pa boma tulikuta meza chini ya kivuli cha turubai. Aliyekaa mezani alikuwa karani kutoka ng'ambo ya bahari. Mkalimani wake alikuwa mtu wa Ngazija. Askari walikuwa wa kutoka Misri huko, Kiswahili chao hakifiki hata salamu. Kati ya wote waliokuwa wakitafuta wageni siku ile, mzaliwa wa Bagamoyo alikuwa ni meza peke yake.

Mtani alikuwa kwenye mstari na watu wa bara wengine, kavaa kanzu safi. Aliponiona akawaambia wenzake, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba basi amekwisha, maana shahidi wake bado ananyonya.

Watu wakacheka. Ningenyamaza? Ukitaniwa ukanyamaza, umemkana mwenzako. Tena nilikuwa na wazo ambalo wakati ule niliona ni akili kubwa. Nani mjini anaweza kumtukana mtu wa mbali hadharani, na yule mtu akacheka? Hakuna. Hutukanwa hivyo mtu wa nyumbani tu. Nikaona tusi zuri litakuwa na uzito kuliko kiapo.

Karani akauliza, mkalimani akafasiri: unamjua mtu huyu?

"Huyu?" nikasema. "Tumemwokota jana jalalani. Hana kwao, hana kazi, anatumalizia panya. Mchukueni, mtatupunguzia harufu."

Uwanja mzima ulicheka, na mtani wangu aliwashinda wote, akajipiga mapaja. Mkalimani naye alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akamgeukia karani na kufasiri, taratibu, neno kwa neno. Karani hakucheka. Kalamu yake ikaanza kukwaruza, nami nikadhani anaandika jina langu.

Mkalimani akaniambia niende, nimekwisha kushuhudia.

Nikasema nilikuwa natania. Fundi wa milango akaja mbele, akaeleza utani ni nini, akaapa kwamba mtu huyu amekaa mjini miaka kumi na minne na kwamba yeye mwenyewe amemfanyia kazi ya chokaa mara nyingi. Karani akajibu maneno machache. Mkalimani akayaleta: mzee ni shahidi mmoja, na walitakiwa wawili. Kijana amesema hivi, sasa anasema vile, na muongo hapokelewi ushahidi.

"Lakini wewe umecheka," nikamwambia mkalimani. "Wewe unajua."

Akaangalia pembeni. "Kazi yangu ni kufasiri maneno, kijana. Kicheko hakifasiriki."

Mtani wangu bado alikuwa akitabasamu. Alikuwa akiningoja niendelee, akidhani haya nayo ni sehemu ya mzaha, na kwamba nitageuza mambo mwishoni kama kawaida yangu. Askari alipomshika mkono ndipo aliponitazama vizuri usoni.

Waliwekwa ndani ya ua wa miiba siku tatu, na baba bado hajarudi. Mama alikwenda mara mbili, akarudishwa getini. Mke wa mtani wangu hakuweza kufuatana na mama kwa kuwa binti alikuwa na homa. Nyumbani hakuna aliyenipiga. Nilizunguka karibu na bakora ya mwalimu makusudi, nikasahau sura ninazozijua, naye hakuinyanyua.

Siku ya nne waliswagwa mpaka kivukoni, nami nikawafuata na kapu alilofunga mama. Nikampata ameketi mchangani na wenzake, wanangoja mtumbwi.

"Shika, mla panya," nikasema. "Nimekuletea papa, ule chakula cha watu kabla hujarudi kwenye mashimo yenu."

Nikangoja. Akasimama, akalipokea kapu kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

"Ahsante, bwana. Mungu akuzidishie. Nisalimie mama."

Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kuniita bwana. Nikajaribu tena, nikamtupia tusi chafu kabisa, la baba yake na babu yake.

"Ndiyo, bwana," akasema, akaenda kupanda mtumbwi.

Siku hizi tanuri limeota nyasi. Nyumba mbili za mtaani zimesimama kuta wazi, udongo unabomoka na mvua. Muuza nguo anabeba majora yake mwenyewe, kiuno kimempinda, na barazani anasema amri ilikuwa nzuri ila ilifanywa kwa haraka. Mwalimu anakubaliana naye. Wanazungumza kana kwamba watu wale walichukuliwa na mafuriko.

Mke wa mtani wangu bado yuko bandani. Msafara wa kwanza ulioruhusiwa kwenda bara ulipokuwa ukijitayarisha, alikuja kuniomba nimwandikie barua, kwa kuwa anayejua kuandika uani kwetu ni mimi. Nikaandika alivyosema: mtoto amepona, banda halivuji, njia ikiwa salama nitakuja. Nikamwuliza kama naweza kuongeza neno langu. Akafikiri kidogo, akasema niandike tu kwamba mwandishi ni mimi. Akitaka kunijibu, atajibu.

Msafara ulirudi mwezi uliopita. Kiongozi wake anasema mtani wangu alisomewa barua yote, akaomba irudiwe pale penye habari za mtoto. Jina langu liliposomwa, akauliza kama kuna jambo jingine. Alimtumia mkewe kitambaa, na salamu kwa nyumba nzima. Mimi nilisalimiwa pamoja na wengine, kwa heshima.