Ganuni ya Maalim

Kikundi chetu cha taarabu kilianza na watu saba, sebuleni kwa mwimbaji wetu, mtaa wa Al Baraha hapa Dubai, kila Ijumaa baada ya Alasiri. Katika wale saba kabaki yeye peke yake. Dubai haikai na mtu: viza ikifutwa, unafunga virago. Mpiga kodiani alihamia Doha, wa dumbaki nimewahesabu watatu, na fidla ninayopiga nimeirithi kwa mlinzi wa maghorofa ya Marina aliyerudi kwao Mombasa.

Kilichotuweka hai ni sharti moja la Maalim, mzee wa Unguja aliyetupigia ganuni. Anayeondoka haondoki na chombo, na kabla ya kwenda amkalishe mwenzake ubavuni, Ijumaa baada ya Ijumaa, mpaka mkono uzoee. Kwa hiyo mtu akikalishwa ubavuni, wote tunajua nani anakwenda, na nyuso zinabadilika.

Maalim alipoachishwa kazi kwenye kliniki ya Oud Metha, alikokuwa akitunza mafaili, alinichagua mimi. Aligonga zulia kando yake.

"Njoo ukae hapa, mwanangu."

Nilikaa Ijumaa moja. Alinionyesha kulinganisha nyuzi, sabini na kitu, kwa ufunguo mdogo wa shaba, na Maghribi ikatukuta hatujapiga hata wimbo mmoja. Ijumaa ya pili nilimwambia nina zamu. Ya tatu akanipigia simu.

"Zamu tena?"

"Ndiyo, Maalim. Ijumaa ijayo inshallah."

"Haya. Khalas, usijali."

Sikuwa na zamu. Nilikuwa na ubishi wa kitoto: nikijifunza, anakwenda, nisipojifunza, atakwendaje? Nikadhani hivyo ndivyo kumpenda.

Alikwenda. Ganuni akaiacha, kama sharti lake lilivyotaka. Mwaka haukutimia tukaletewa habari ya msiba, na zile nyimbo alizokuwa nazo mikononi zikazikwa naye. Najilaumu mpaka leo, na sitaki kufarijiwa.

Wapigaji wamebadilika tena. Kila Ijumaa nafika kabla yao, nakaa kwenye zulia, nalinganisha ganuni uzi kwa uzi, maana hilo nalijua. Mwimbaji huningoja. Nikimaliza naifunika kitambaa chake, nachukua fidla, tunaanza.