Kata Tatu za Edani

Mwenzangu anayeuza viungo Marikiti alinijia edani na kata tatu, amezificha ndani ya buibui kama mwizi wa mikate. Kata ni ile nguo inayosokotwa duara, wachukuzi wakaiweka kichwani chini ya mzigo. Hizi alizisokota mwenyewe kwa kanga kuukuu. Akausimamisha mchi kinuni katikati ya ua, akaukaza kwa matambara, akachora mstari kwa mkaa.

"Rusha kata, uuvike mchi," akasema. "Ukikaa hivyo utaota uyoga."

Nilikuwa na miezi miwili tangu kufiwa na mume. Sipaki wanja, sijifukizi udi, sivuki kizingiti cha mlango wa nje. Ghorofani alikaa mavyaa yangu, mamake marehemu, ambaye hakuwa na mtoto mwingine. Dirisha lake laangalia uani. Kwa hivyo tukawa twacheza kimyakimya kila baada ya alasiri, sisi wawili na mwanamke mwenzetu, mwalimu wa madrasa, hodari wa kupiga kila kitu isipokuwa mchi. Kicheko kikitujia, twauma kanga. Niseme kweli, bila saa ile moja nisingekuwa nakula chakula cha usiku.

Siku moja mwalimu akarusha, kata ikamwangukia kuku wa jirani shingoni, kuku akaanza kuzunguka ua mzima nayo. Kanga haikufaa kitu. Nilicheka hadi nikakaa chini, na kabla sijanyamaza dirisha la juu likafungwa kwa kishindo.

Nilijichukia. Kaburi bado bichi, nami nacheka kuku! Usiku ule sikulala.

Kesho yake wenzangu walipokuja niliwapa ungo wa mchele tuchambue.

"Kwani nani amekukataza?" mwenzangu wa Marikiti akanung'unika. Nikamwambia anyamaze, na nilimwambia vibaya.

Dirisha likafunguka.

"Mbona yeo hamtezi?" mavyaa akauliza, akiuelekezea mchi kidole.

Nikasema, "Jana ulifunga dirisha, mama. Nikajua tumekuudhi."

"Nalikuwa nacheka," akasema. "Yule kuku. Nikaona haya msinisikie, kaburi la mwanangu bado bichi."

Niliweka ungo chini, nikachukua kata, nikasimama mstarini, nikarusha. Nikakosa vibaya. Juu nikasikia kiti kikivutwa karibu na dirisha.

"Haya," akasema. Kisha sauti ikashuka. "Na eda ikisha, ukenda zako kwenu, hawa watakuja kuteza na nani hapa?"

Mwalimu akainamia mchele. Mimi nilisimama pale na mikono mitupu. Kumbe miezi yote ile, nikihisabu siku za eda ziishe, yeye juu alikuwa akizihisabu zisiishe. Nami kwa ujinga wangu nilidhani aniona mzigo aliouachiwa na mwanawe. Nilimpenda saa ile kuliko siku zote nilizowahi kukaa nyumbani mwake.

"Kwetu wapi, mama?" nikamjibu. "Mimi niko kwetu. Teremka, ni zamu yako."

Alichukua muda kuzishuka zile ngazi. Tulimngoja, kata yake nimeishika mimi.