Mama Vyungu na bustani ya kunusa

Saa kumi na mbili asubuhi, vioo vya nyumba ya mimea bado vinatiririka umande kwa ndani, na Mama Vyungu amekwisha kulowa mpaka viwikoni. Anasukuma toroli lenye chungu kikubwa cha asumini, anakishusha mlangoni, anarudi nyuma, anakunja uso, kisha anakisogeza kidogo tu. Anavuta hewa kwa nguvu. Anatabasamu.

"Hapa ndipo atakaposimama," anasema. "Akishavuka hapa, mengine niachieni mimi."

Anayesemwa ni mumewe, fundi cherehani ambaye hajakanyaga bustani hii kwa miaka miwili.

Mama Vyungu ndiye mpangaji wa mapambo ya mimea katika bustani hii ya umma. Kila baada ya miezi minne huvunja onyesho lililomo ndani ya nyumba ya vioo na kujenga jingine: anaamua kipi kikae wapi, kipi kisimame, kipi kitambae, rangi ipi ipatane na ipi. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu hapiti penye chungu bila kukigeuza. Hata vya watu.

"Benki moja walinitoa nje," anasema huku akicheka. "Mlinzi alidhani naiba ua lao, kumbe masikini nalielekeza dirishani."

Ugonjwa huo una chanzo chake. Katika onyesho lake la kwanza alipanga maua yakapendeza kweli, ila akasahau kwamba maua hufuata mwanga. Siku ya ufunguzi wageni waliingia wakakuta yote yametazama vioo, yamewapa visogo. Mama Vyungu alitamani ardhi ipasuke immeze. Wa kwanza kucheka alikuwa mumewe.

"Nilimnunia siku nzima," anakumbuka. "Lakini tangu hapo ikawa sifungui onyesho kabla hajapita yeye kwanza."

Hivyo ndivyo walivyofanya kazi miaka nenda miaka rudi. Fundi alirudi nyumbani na vipande vya vitambaa, wakavipanga juu ya meza ya chakula kutafuta rangi za maua, wakabishana mpaka chai ikapoa. Mshahara wa bustani ulikuwa wa kujikuna pale mkono unapofika. Cherehani ndiyo iliyowasomesha watoto watatu.

Kisha macho ya fundi yakaanza kuingia ukungu. Sasa anatofautisha mchana na usiku, basi. Cherehani imefunikwa shuka.

"Nikimwambia twende bustanini, ananijibu, 'Niende nikatazame nini, mke wangu?' Nachukua mkoba wangu, naondoka peke yangu."

Safari hii hakuliacha jibu hilo lipite. Maua ya kutazamwa ameyasukuma nyuma, na kando ya njia, usawa wa mkono, amejaza mrehani, mnanaa, mchaichai, majani yenye manyoya laini kama kifaranga na mengine yanayokwaruza vidole. Msimamizi wa bustani aliuliza rangi zimekwenda wapi. Akaambiwa asubiri.

"Nilimkubalia tu," anasema msimamizi. "Ukibishana na Mama Vyungu, anaweza kukugeuza na wewe."

Ufunguzi ni kesho. Fundi ameahidi kuja leo, ahadi ambayo mkewe anaiamini nusunusu.

Anafika jua likiwa la utosi, ameshikwa mkono na binti yao, shati limepigwa pasi likanyooka. Mama Vyungu anamsimamisha mlangoni na kungoja, vidole vikichezea aproni.

Fundi anavuta hewa. Anavuta tena.

"Hapa pana nini, mke wangu?"

"Asumini, mume wangu."

"Asumini gani? Mimi nasikia harufu ya udongo mbichi."

Mama Vyungu anainamia chungu chake, naye hasikii kitu. Uso unamshuka. Asumini hunukia usiku mpaka alfajiri; jua likipanda, harufu hukatika. Wiki nzima amekuwa akiinusa wakati ambao mgeni hata mmoja hajaamka.

"Nimeharibu," anasema kwa sauti ndogo.

Fundi haondoki. Anachuchumaa taratibu, anapapasa ukingo wa njia kulia, kisha kushoto.

"Binti yangu, magauni ya siku hizi yanaishia wapi? Bado chini ya goti?"

"Bado, baba."

"Basi ondoeni hii asumini. Pangeni mchaichai huku na huku, majani yaangukie njiani. Kila pindo litakalopita litayapangusa, harufu itapanda yenyewe. Na wenye suruali wapite katikati, wasinikanyagie."

Mama Vyungu anakwenda kuchukua toroli huku akijifuta macho kwa kiwiko chenye matope. Akigeuka, mumewe amekwisha kukunja mikono ya shati.

Wanafanya kazi mpaka alasiri, wakibishana kwa raha zao. Fundi anataka mchaichai zaidi upande wa kulia, mkewe anasema inatosha. Unaongezwa.

"Nilidhani namtengenezea zawadi," anasema Mama Vyungu. "Kumbe nilikuwa namkosa kazini."

Amekwisha kumwomba msimamizi mumewe aruhusiwe kuingia kila Jumatatu, siku ambayo bustani hufungwa, waanze pamoja onyesho lijalo. Amekubaliwa kabla hajamaliza kusema.

"Namwomba Mungu jambo moja tu," anasema. "Mume wangu aendelee kunikosoa mpaka nistaafu."