Bwana Lala Kwanza

Ofisini walimwita Bwana Lala Kwanza, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila mwanafunzi wa usanifu majengo aliyeletwa kwake kujifunza kazi alipewa somo lilelile hata kabla ya kuonyeshwa kiti: "Nyumba ya watu wa joto kali haichorwi chini ya feni. Nenda kwao. Lala kwanza, uchore baadaye." Wanafunzi waliandika. Yeye aliendelea na chai yake, chini ya feni.

Sifa zake zilitokana na nyumba moja. Ilikuwa kwenye uwanda mkavu, mwendo wa nusu siku kutoka mjini, mahali ambapo mchana mbuzi hugombania kivuli cha nguzo ya simu. Alimjengea muuguzi wa zahanati ya pale: kuta za mawe nene kupita kiasi, dari ya zege, na vidirisha vidogo ili vumbi lisiingie. Ripoti yake ilikuwa na jedwali la joto la ndani, saa kwa saa, siku tatu, mchana na usiku. Kwa nguvu ya jedwali hilo, nyumba nyingine ishirini za namna ileile zilikuwa zianze kujengwa Jumatatu. Mkuu wake alimtuma akapige picha chache za kupamba kitabu cha mradi.

Alifika saa nane mchana, shati limemgandia mgongoni. Aliyempokea ni mama mkwe wa muuguzi, kikongwe mwembamba mwenye maneno yake, anachechemea, mguu mmoja umefungwa bendeji.

"Karibu mwanangu. Ingia kwenye ubaridi wako."

Kweli ndani kulikuwa na ubaridi, na Bwana Lala Kwanza alivimba kichwa kidogo. Akapiga picha ukuta, akapiga picha dirisha, akaingia chumba cha kulala. Mlikuwa na masanduku, ndoo na baiskeli mbovu.

"Mama, vitanda viko wapi?"

"Viko vinapolaliwa."

Alizunguka nyuma ya nyumba. Vitanda viwili vilikuwa uani, vyandarua vimeviringishwa juu ya fito, na miguu ya vitanda ilikuwa imezama ardhini karibu kiganja kizima. Kitanda kilichotolewa jana hakizami hivyo. Akasimama pale na kamera yake shingoni, hajui aielekeze wapi.

Muuguzi alirudi kutoka zahanati akamkuta bado kasimama. Hakuona sababu ya kumficha.

"Hizi kuta, kaka, zinakula joto mchana kutwa, usiku zinatutapikia sisi. Na hewa haina pa kutokea. Tulijaribu wiki mbili, tukahamia nje. Mwezi uliopita mama alishuka kitandani gizani, akakanyaga nge."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulikuja mara tatu, zote mchana. Ukauliza nyumba ikoje. Mchana ni nzuri, tukasema nzuri." Alisita kidogo. "Halafu ripoti yako ililetwa zahanati. Imeandikwa ulilala humu siku tatu, kabla hatujahamia. Nikamwambia mama, labda wenzetu wa mjini ni wagumu."

Hakuwa anamsuta. Aliliamini kabisa neno hilo, na hapo ndipo aibu ilipomshika Bwana Lala Kwanza. Hakulala humo hata siku moja. Siku zile tatu alipima joto hadi saa kumi, akapanda gari akarudi nyumba ya wageni ya mji wa jirani, yenye kiyoyozi, akaoga, akala. Tarakimu za usiku alizipika mezani, akipunguza nusu digrii kila saa, kwa kuwa aliona ndivyo inavyopasa kuwa. Miaka yote hiyo alikuwa akiwahubiria vijana wa watu kitu ambacho yeye mwenyewe hakukifanya. Angeweza kupiga picha zake akaondoka, na mpaka mwakani kungekuwa na nyumba nyingine ishirini ambazo wenyewe wanalala nje.

Mtandao ulipatikana kwenye kona ya ua tu. Akampigia mkuu wake palepale, wanawake wale wakimsikia.

"Jumatatu msianze," alisema. "Nyumba usiku hailaliki. Zile namba za usiku si za kweli."

Mkuu akasema taratibu, "Tunaweza kusema ni kosa la uchapaji."

"Si uchapaji, mkuu. Sikulala hapa. Nilidanganya."

Simu ilikatwa upande wa pili. Aligeuka. Muuguzi alikuwa ameinamisha macho, kana kwamba aliyeumbuliwa ni yeye, na hilo lilimchoma kuliko matusi. Kikongwe ndiye aliyemtazama bila kupepesa.

"Kipimo chako cha joto umekuja nacho?"

"Kiko kwenye mkoba, mama."

"Na leo utalala?"

"Nitalala."

"Basi shika huko miguuni. Chukua kitanda changu, mimi nitabanana na mkwe wangu."

Wakakinyanyua, yeye na muuguzi, miguu ikang'oka na udongo wake, wakakipitisha mlangoni kwa shida na kukiweka katikati ya chumba alichokichora. Kikongwe aliwafuata akichechemea, akamwekea tochi juu ya godoro.

"Mlango usiufunge," alimwambia. "Ukizidiwa, toka nje. Ila angalia unapokanyaga."