Kibuyu Kibichi

Asubuhi ile nilikuwa natandika majani makavu chini ya vibuyu shambani ili visiozee kwenye udongo. Mama mkwe alinikataza kuvinyooshea kidole. Kibuyu kichanga, alisema, kikinyooshewa kidole kinadondoka. Mimi nimefika kidato cha nne, nikamcheka. Hamisi, mwanangu wa miezi kumi, alikuwa mgongoni. Baba yake alikuwa vibaruani Itigi. Tuliishi peke yetu, upande wa Mtinko, na maisha yetu yote yalikaa ndani ya vibuyu: maji, mtindi, mbegu, hata dawa.

Mgambo walikuja sita, na bunduki. Wakasema ni amri ya serikali, tunahamia kijiji kipya leo hii hii.

Mmoja alimwamkia mama mkwe shikamoo, kwa heshima kabisa. Akaitikiwa marahaba. Kisha akaingia ndani, akatoa vibuyu vyetu vikavu, vilivyofukizwa moshi miaka na miaka, akavivunja kwa kitako cha bunduki.

"Huko mtapewa ndoo," alisema.

Wakawasha paa. Sufuria na mtungi vikabaki ndani.

Njia ilikuwa ya kutwa nzima, bila maji. Nilikata kibuyu kibichi, nikakitoboa, nikachokonoa utumbo wake kwa kijiti, nikachota maji kisimani. Kwetu hata mtoto anajua: kibuyu huachwa kikauke, hulowekwa, hukwanguliwa, hufukizwa. Kabla ya hapo uchungu wake ni sumu.

"Mama Hamisi, hicho hakijatoka uchungu," alisema mama mkwe.

Nikamwambia basi anipe kingine.

Jua lilipokuwa utosini Hamisi alilia kiu. Nikamnywesha. Akakunja uso. Nikamnywesha tena.

Akatapika. Akaanza kuhara.

Niliomba tupumzike. Mgambo wakasema twende.

Nikaenda.

Tulifika mwili wake umeshapoa.

Watu wa mjini huniambia kwetu hapakuwa na vita. Kweli, hakuna risasi iliyopigwa. Na maji yale nilimnywesha mimi, kwa mkono wangu, hilo simsukumii mtu. Lakini vibuyu vikavu sikuvivunja mimi. Nimeyapima haya mawili miaka yote hii, na hakuna linalopunguza uzito wa lingine.

Kaburi lake lilikuwa la kwanza pale kijijini. Siku ya tatu alikuja bwana wa kupima viwanja, akanyoosha kamba yake, akaniambia nimemzika barabarani.