Siku Niliyofungiwa na Mama Mkwe Ndani ya Gari Jipya

Nimeificha habari hii miaka mingi, na ningeendelea kuificha kama si dada yangu Eseri anayeisimulia kwenye kila harusi na kila matanga, akitia chumvi hadi siku hizi kuna watu wanaoamini eti nilitoka garini kupitia dirishani bila kiatu kimoja. Si kweli, viatu vyangu vyote viwili vilikuwa miguuni. Aibu yenyewe ilikuwa kubwa kuliko kiatu, kwa hiyo acheni niiseme mwenyewe, mcheke mara moja yaishe.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mwishoni mwishoni, nami nilikuwa nikikaa Ruiru, hatua chache kutoka stesheni, kazi yangu kujenga nyumba za mawe za wafanyakazi kwenye mashamba ya kahawa. Kila mtu mwenye akili aliniambia ninunue pikapu ya kubebea mawe na saruji, na mimi nikaitikia ndiyo, ndiyo, kisha nikaenda Thika nikanunua gari dogo la milango miwili, rangi ya maziwa, jipya kabisa, kwa sababu (nawaambieni ukweli) niliona pikapu haikai vizuri mbele ya kanisa.

Sasa mjue kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Nikiuziwa sukari naonja kwanza, na nikisalimiwa kwa furaha sana na mtu nisiyemzoea, najiuliza anataka nini. Lakini gari lile lingemfanya hata malaika ashuku. Siku ya tatu mlango wa abiria ukakataa kufunguka, ndani wala nje. Ukikata kona kushoto honi inalia yenyewe. Mvua ikinyesha maji yanaingia, na hujui yanatokea wapi. Mlango wangu ukawa haufunguki kwa ndani, ni mpaka niteremshe kioo nitoe mkono nishike kishikio cha nje, kama mtu anayefungua lango la boma. Nikalirudisha gereji mara nne, na mara zote nne meneja, Mzungu mmoja mwembamba ambaye hakuwahi kuinuka kitini kwa ajili yangu, aliniambia maneno yale yale: "Gari mpya iko ngumu kidogo. Wewe zoea yeye." Nikauliza ufunguo wa pili uko wapi, maana nilipewa mmoja tu. "Nakuja na meli," akasema. Meli gani hiyo iliyobeba gari ikaacha ufunguo? Nikaanza kulala nikifikiria ni nani aliye na ufunguo wa gari langu.

Niliyemshuku zaidi ya wote ni makanika wao, Karanja. Alikuwa mtu mpole, mwenye macho ya kuangalia chini, na mtu asiyekutazama machoni mimi simwamini. Mara ya nne nilipoenda, alinisogelea meneja akiwa mbali, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, hiki kiti cha nyuma umewahi kuinua?" Nikajua nimemshika! Ndani ya buti, nyuma ya kile kiti, kulikuwa na jeki na gurudumu la akiba, na hapa mtu ananipima kama najua vilipo. Nikamwambia mbele ya wenzake wote, "Wewe mwizi, kiti changu kitainuliwa siku nitakayotaka mimi." Akarudi kwenye kazi yake.

Wakati huo mke wangu Rasoa alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, wiki mbili tu, na hakuwa na nguvu, hata kumwogesha mtoto ilikuwa taabu. Mama yake akakubali kutoka kwao Maragoli aje akae naye miezi miwili. Hapa lazima nieleze kwa wasiojua desturi yetu: mama mkwe hukai naye karibu, humshiki mkono, jina lake hulitamki, na mkiwa na jambo la kuambiana mnapitishia kwa mtu wa katikati. Mama huyu alikuwa mkali wa heshima kuliko wote. Kuna mkwe mwingine aliyemgonga bega kwa bahati mbaya kwenye mazishi, na mama akarudi kwake siku hiyo hiyo asikanyage kwa yule bwana mwaka mzima. Kwa hiyo nilijua vizuri, nikikosea kidogo tu, atapanda gari la moshi arudi, na Rasoa atabaki peke yake na kichanga.

Na hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu mdogo. Gari la moshi la kutoka Nairobi linapita Ruiru kwanza kabla ya kufika Thika. Mama angeshuka Ruiru atembee dakika tano awe mlangoni kwangu. Mimi nikaandika barua kwamba ashuke Thika, nimchukue na gari jipya, ili aone binti yake ameolewa na mtu wa namna gani. Tena siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, na meneja alikuwa ameniambia nilete gari Jumamosi kabla ya saa sita, nikashuku kwamba nisipoenda atasema mimi ndiye niliyekataa kutengenezewa. Nikaona nitapiga ndege wawili kwa jiwe moja.

Nilimchukua Eseri, aliyekuwa akiishi Thika, awe mtu wetu wa katikati. Mama akashuka na kikapu chake cha unga wa wimbi wa uji wa mzazi, amejifunika leso kichwani, akaangalia gari, akaniangalia mimi, yaani akaangalia pembeni yangu, akamuuliza Eseri, "Mlango huu mwingine ni wa nini, kama haufunguki?" Eseri akasema ni gari jipya, bado gumu. Mama akaingia nyuma kupitia upande wangu, mimi nikiwa nimesimama mbali kama mtu anayeogopa nyuki.

Tulipofika gereji Eseri akashuka kwenda msalani. Karanja akaja na mpira wa maji, akasema sharti mtu aingie ndani, vioo vyote vifungwe, amwagie gari maji waone yanapoingilia. "Nitaingia mimi," akasema. Uingie wewe, kisha useme umeona pakavu? Nikamwambia hapana, shahidi ni mimi. "Na huyu mama?" akauliza. Mama hakuonyesha dalili ya kushuka (ili ashuke ilibidi apite karibu na kiti changu, na mtu wa katikati hayupo), nami sikuwa na njia ya kumwomba. Nikajiambia ni dakika mbili tu. Nikaingia, nikapandisha kioo hadi juu, na kwa kuwa sikutaka Karanja afungue mlango nikiwa nimegeuka, nikasukuma kishikio cha ndani mbele, nikajifungia.

Maji yakaja, jameni. Yaliingia juu ya kioo, yaliingia chini ya dashibodi, yalipita katikati ya miguu yangu yakaelekea nyuma kwa mama mkwe kama yaliyotumwa. Nikampungia Karanja mkono aache. Nikavuta kishikio nitoe kufuli, kikabaki mkononi mwangu. Nikazungusha cha kioo, kikazunguka bure, kioo hakishuki. Ufunguo ulikuwa humu ndani na mimi, na wa pili ulikuwa bado baharini. Katika kuhangaika nikagusa usukani ukaenda kushoto, honi ikaanza kulia, na safari hii haikunyamaza.

Mnajua Thika Jumamosi mchana. Viwanda vinatoa watu nusu siku, soko limejaa, na gereji yenyewe iko barabarani. Kufumba na kufumbua tumezungukwa. Niliona watu wawili wa kwaya ya kanisa letu. Niliona mteja wangu mmoja. Kila mtu ameweka uso kwenye kioo, na ndani kuna mwanamume aliyelowa, ameshika kipande cha chuma, na nyuma yake mama mzee amejifunika leso uso mzima. Sikuweza kugeuka kumtazama. Nilitokwa na jasho ndani ya maji.

Askari mmoja akapenya. Siku zile askari alimshuku kila mtu, nami, kwa mara ya kwanza maishani, nikajua inavyokuwa kushukiwa. Akagonga kioo kwa rungu.

"Wewe! Huyu mama unampeleka wapi?"

"Nyumbani kwangu!" nikapiga kelele kushinda honi.

"Mbona amefungiwa? Mbona amefunika uso? Ni nani yako?"

Ikabidi niseme, mbele ya Thika nzima, kwa sauti ya kuuzia ng'ombe: "NI MAMA MKWE!" Watu wa kwetu waliokuwemo kwenye kundi wakashika vichwa. Mwanamke mmoja akasema "Yaaye!" akageuka asione.

"Jina lake?" askari akauliza.

"Siwezi kusema!"

"Unabeba mtu gari na jina yake huwezi kusema?" Akawageukia watu. "Huyu anaficha kitu."

Akainua rungu avunje kioo, na mimi (hapa ndipo ninapojionea aibu zaidi ya pote) badala ya kumfikiria mama wa watu aliyeketi kwenye maji, nikapiga kelele, "Usivunje! Ni gari jipya!"

Basi nyuma yangu nikasikia sauti. Haikunielekea mimi, ilielekea paa la gari. "Anayeweza kumwambia mkwe wangu amwambie asogee." Nikajibana kwenye mlango wangu hadi nikawa kama koti lililotundikwa. Mama akasukuma mbele mgongo wa kile kiti cha abiria, akajiegemeza, na kwa miguu iliyolima milima ya Maragoli tangu utoto akaupiga ule mlango teke moja. La pili. La tatu mlango ukafunguka ukaning'inia, watu wakarudi nyuma, na honi, sijui kwa nini, ikanyamaza papo hapo.

Mama akatoka. Nilidhani atashika kikapu chake aulize njia ya stesheni, na moyo wangu ukaenda kwa Rasoa na mtoto. Lakini alikuwa amekunja leso yake kama anayebeba kitu. Maji yalipofika miguuni mwake alikuwa ameinua kile kiti cha nyuma apate mahali pakavu pa kuweka unga, na chini yake akakuta alichokuta. Eseri alikuwa amefika anahema, kwa hiyo mama akamwambia yeye, ingawa kila mtu alisikia: "Muulize mwenye duka hili, gari lake jipya lililala mto gani?" Akafungua leso. Tope kavu la mto, majani yaliyooza, na buni za kahawa zilizokauka, kiganja kizima.

Watu wakaanza kunung'unika. Meneja alikuwa ametoka ofisini (kumbe anaweza kuinuka), akasema, "Hii kitu kidogo. Wewe kuja Jumatatu." Mama akamwekea lile tope mkononi. "Mwambieni Jumatatu tunafua nguo za mtoto. Tunangoja hapa."

Ndipo Karanja akasema, macho chini vile vile, "Ilipinduka ikaingia Chania, Afande. Ilikaa kwa maji siku mbili. Tukapiga rangi." Akanigeukia. "Fundi, mimi nilikuambia uinue kiti. Zaidi ya hapo sikuweza, nina watoto." Mtu mmoja tu katika gereji ile alijaribu kunisaidia, na ndiye pekee niliyemwita mwizi. Nilimwomba msamaha hapo hapo, maji yakinitiririka kwenye suruali, na aliponipa mkono niliushika kwa mikono yangu miwili.

Askari akiwa amesimama pale, meneja akakubali kuandika kwamba analichukua gari na kunipa lingine. Akavuta droo atoe karatasi, na kwenye droo ile ile ulikuwa umelala ufunguo wangu wa pili. Nilichagua pikapu, nikaenda kuichukua siku chache baadaye. Karanja alifukuzwa wiki iliyofuata, na tangu hapo hadi nilipoacha ujenzi ndiye aliyetengeneza magari yangu yote, akifungua boneti mimi nikiwa nimekaa mbali nakunywa chai.

Siku ile tulirudi Ruiru kwa gari la moshi, Eseri na mama behewa moja, mimi lingine, tukashuka pale stesheni hatua chache kutoka nyumbani, mahali ambapo angeshuka asubuhi kama si barua yangu. Nilitembea nyuma yao mbali nikingoja hukumu. Ilinibidi kutoa blanketi na mbuzi kuisafisha aibu ile, nami nilivitoa haraka kabla sijaulizwa. Jioni, nikiwa nje ya dirisha la jikoni, nikamsikia mama akimwogesha mjukuu wake, akisema kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika kwa mtoto wa wiki mbili:

"Baba yako ni mtu mzuri. Anashuku kila mtu, lakini haangalii. Siku akitaka kununua kitu kingine, mwambie aniite mimi nikae nyuma."

Alikaa miezi yake miwili yote, kisha akaongeza mmoja. Tangu hapo nimenunua magari matatu, na kwa kila moja nilimwandikia barua kwanza, nikamwambia ashuke Ruiru.