Mbalamwezi Niliyobaki Mwaloni

Siku ile naikumbuka kama ya juzi, mwanangu. Ulikuwa bado tumboni mwa mama yako kule Misungwi, nami nikivua dagaa kwenye mwalo mmoja, ufuko wa wavuvi nje kidogo ya Mwanza. Korona ilikuwa imefika, na mwenyekiti wa mwalo, Mzee Masanja, akatuita bandani tuamue tufunge lini.

Yeye alitaka mbalamwezi. Si unajua mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika? "Tukifunga hapo hakuna atakayekosa riziki," alisema, na sote tukaona ni akili.

Alikuwepo dada Koku, binti wa Kagera aliyesomea hesabu za magonjwa, amekuja kutushauri. Alipomaliza kuwaamkia wakubwa shikamoo, akafungua kompyuta yake. "Wazee wangu, mbalamwezi hawa vijana huwa wanakwenda wapi?"

"Kwa wake zao!" Banda zima likacheka, naye akacheka.

Kisha akaliingiza jibu hilo kwenye hesabu. Mstari wa wagonjwa ukapanda mpaka juu ya kioo. Kumbe tungefunga mwalo mtupu, ugonjwa umeshapanda basi pamoja nasi kwenda nyumbani! Akajaribu njia nyingine: tuendelee kuvua, kila mtumbwi na watu wake, ila mbalamwezi asitoke mtu mwaloni. Mstari ukashuka. "Ni makadirio," alituambia, "lakini ndiyo bora niliyoyaona."

Nikanyoosha mkono. "Mke wangu anakaribia kujifungua."

"Kwani mkunga ni wewe?" akadakia nahodha wangu.

Dada Koku akaniuliza polepole, "Nyumbani yupo nani mwingine?"

"Mama. Kifua kinamsumbua."

Akanigeuzia kioo, akanionyesha tena ule mstari uliopanda. Nikakaa chini bila kuambiwa.

Wenye mitumbwi wakakubali kutulisha. Mwezi ukawaka, tukabaki, na baadhi yetu tuliugua palepale, tukapona palepale. Kilio chako cha kwanza nilikisikia kwenye simu. Wenzangu wakagonga mabeseni mpaka mbwa wakatimua mbio! Na bibi yako, mzima wa afya, ndiye aliyekuogesha. Hilo natembea nalo kifua mbele mpaka leo.

Basi mwanangu, ukipewa madaraka ya kuwazuia watu, ulizia kwanza wanaishije. Zuia mapema, kabla hawajafungasha mizigo, na usiwaache na njaa. Na ukizuiwa wewe, uliza sababu. Ukiielewa, kaa hata kama moyo unauma.

Mungu akukuze, akupe moyo wa kuwatunza hata wale usiowajua.